Kura yangu na kinyungu cha mama

Ndani ya kituturi

Nilikaa ndani ya kituturi mpaka msimamizi wa kituo akakohoa.

Lilikuwa darasa la tatu la shule niliyosoma mwenyewe. Madawati yalikuwa yamesogezwa ukutani, na ubaoni bado palikuwa na hesabu za kugawanya ambazo hakuna aliyezifuta. Karatasi ya kura ilikuwa na picha tatu: wanaume wawili na mwanamke mmoja. Wote watatu nilikuwa nimewasikiliza ndani ya siku tisa, na wote nilikuwa nimewauliza swali moja. Usiku wa kuamkia siku ile niliamua nani nitamwekea vema. Nilipoinamisha kalamu, mkono ukaenda kwa mwingine.

Nikakunja karatasi, nikaitumbukiza sandukuni, nikachovya kidole, nikatoka. Mama alikuwa ameshapiga yake, amekaa kivulini na wenzake. Hakuniuliza nimempa nani.

Zimepita wiki saba. Wino umeshafutika kidoleni, diwani ameshaapishwa, na mimi bado narudi mle kituturini kila nikizima taa.

Siku tisa, mikutano mitatu

Uchaguzi mdogo huku kwetu Mufindi hauna mbwembwe. Spika mbili juu ya gari, muziki tangu saa tatu asubuhi, kofia chache, basi. Kata ni ndogo, wagombea tunawajua, wengine tumechunga nao ng'ombe. Kwa hiyo nilidhani swali langu litapata jibu la kweli. Niliuliza hivi: kijito chetu kinakonda kila mwaka, ukichaguliwa utafanya nini na mashamba yaliyo ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji?

Wa kwanza alikuja siku ya gulio. Hakusita hata kidogo. "Tutapanda miti! Kila kaya, miti!" Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Pembeni yangu alikaa kijana wa bodaboda, akanigeukia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hiyo miche atagawa ya paini au ya milingoti?" Milingoti ndiyo mikaratusi. Kijana yule alikuwa na ekari mbili zinazosubiri, alitaka kujua kama asubiri ya bure au akanunue.

Wa pili alihutubia uwanja wa mpira. Yeye alilijibu swali kabla sijalimaliza, akaingia moja kwa moja kwenye vinyungu, zile bustani zetu za bondeni. "Vinyungu havitaguswa. Hakuna mama wa kata hii atakayefukuzwa kwenye kinyungu chake mimi nikiwa hai." Vigelegele vilivyopigwa pale, nadhani vilisikika mpaka barabara kuu. Katikati ya vigelegele vile nilikitambua cha mama yangu.

Wa tatu ni mwalimu mstaafu. Mkutano wake ulifanyika pale kwenye ding'dong, mashine ya kupasulia mbao, vijana wakakubali kuizima kwa muda ili asikike. Tulikuwa kama watu thelathini, tumekaa juu ya magogo. Nilipouliza, alinyamaza. Alinyamaza muda mrefu kuliko ilivyo salama kwa mtu anayeomba kura.

"Sina jibu," akasema. "Nikisema mbaki, kijito kitakufa nikiwa diwani wenu. Nikisema mtoke, sijui mtakula nini mwezi wa kumi na moja. Nataka tupime, kijiji kwa kijiji, tuone nani yuko wapi. Halafu tukae tubishane."

Mzee mmoja akamwambia, "Sasa mama, kama huna jibu, umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kuwaambia kwamba na mimi nalima pale."

Watu wakaanza kunyanyuka. Kabla hajamaliza kushukuru, mashine ilikwishawashwa.

Jioni ile nilimwona dhaifu. Ilinichukua siku mbili kugundua kwamba katika watu watatu, ni yeye peke yake aliyekuwa amelisikia swali. Nikaamua kura yangu ni yake.

Nikampa yule wa vinyungu.

Huku mti ni zao

Mtu wa Dodoma au Shinyanga akisikia mgombea anaahidi miti, ana haki ya kufurahi. Kule mti ni kivuli, ni kinga ya upepo, ni matumaini. Kwetu Mufindi mti ni zao la biashara kama mahindi, tofauti ni kwamba huvunwa baada ya miaka mingi. Tumekulia pembeni ya Shamba la Miti la Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya serikali nchini. Wazazi wetu waliona, wakaiga. Leo mwalimu, fundi cherehani, hata kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi, kila mtu ana miti yake mahali. Paini kwa mbao. Milingoti kwa mirunda na nguzo za umeme. Miti imejenga nyumba za bati, imelipa mahari, imezika watu kwa heshima. Siisemi vibaya.

Ila mgombea anayesimama Mufindi akasema sera yake ya mazingira ni kupanda miti, ametuahidi kitu tunachofanya tayari bila yeye. Kijana wa bodaboda alilielewa hilo haraka kuliko mimi.

Na mlingoti, kila mkulima anajua, unakunywa. Upande kwenye bonde lenye chemchemi, baada ya miaka kadhaa utasikia ardhi inalia chini ya viatu. Wazee waliacha miti ya asili kama mivengi na mikuyu kwenye vyanzo vya maji, na waliiacha kwa makusudi, kwa miiko, kwa hadithi za kututisha tulipokuwa wadogo. Sisi tuliosoma tukaziita hadithi zile ushirikina. Kisha tukakata mivengi.

Nilitamani mgombea mmoja aseme maneno hayo: mti gani, na wapi. Hakuna aliyesema. Kuyasema ni kumgusa kila mpiga kura mwenye ekari moja, na pia ni kuwagusa wenye mamia ya ekari ambao hawaishi hapa.

Mita 60

Kwa wasiotoka nyanda hizi: kinyungu ni bustani ya bondeni. Mahindi ya mlimani yakishavunwa na baridi ikianza kupungua, watu hushuka mabondeni ambako udongo una unyevu. Wanachimba mifereji, wanalaza majani chini, wanainua matuta juu yake. Wanapanda maharage, njegere, viazi, kabichi, mahindi. Yale mahindi mabichi ya kuchoma unayonunua dirishani mwa basi mvua hazijakolea, mengi yametoka kinyunguni. Mtu asiye na kinyungu, miezi ya mwisho wa mwaka humkuta na debe tupu.

Kinyungu ndicho kilichonisomesha. Sisemi kwa mapambo. Ada ya muhula wa pili kila mwaka ilikuwa maharage ya pale bondeni, na mama aliyamwagilia kwa ndoo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito, maziwa na mabwawa. Huku kwetu inajulikana kwa jina moja tu: mita 60. Mtu husema "amekumbwa na mita 60" kama anavyosema amekumbwa na homa.

Niliwahi kuirudia kuisoma baada ya uchaguzi, kwa sababu usingizi haukuja. Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukisikia jukwaani. Sheria inataja shughuli *za kudumu*, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu au kuathiri hifadhi ya eneo lile. Nikasimama hapo. Shughuli ya kudumu ni ipi? Tuta la maharage linaloinuliwa mwezi wa saba na kwisha kabla ya Krismasi? Au mlingoti unaosimama miaka kumi na zaidi, ukikatwa unachipua tena?

Sitaki kumtetea mama kwa ujanja wa maneno. Mifereji ya vinyungu inakausha bonde, hilo ni kweli. Siku hizi ndoo zimepumzika, kuna pampu za petroli zinazonyonya kijito mchana kutwa, na kuna dawa za kabichi zinazooshwa na mvua ya kwanza kwenda majini. Kinyungu cha leo kimeshabadilika, si kile cha bibi yangu. Hata hivyo, nimeona operesheni za mita 60 zikianza kwa kung'oa kabichi za wajane, na milingoti iliyo mita kumi kutoka kwenye maji ikaachwa imesimama kwa sababu ni miti, na miti ni mazingira.

Wanaokunywa hawapigi kura hapa

Kijito chetu hakina jina kwenye ramani. Kinaungana na vingine, vinaingia Ruaha Mdogo. Ruaha Mdogo unapita Iringa mjini, na sehemu kubwa ya maji ya bomba ya mji ule yanatoka humo. Kutoka hapo unaendelea mpaka unakutana na Ruaha Mkuu, kisha Bwawa la Mtera lenye mitambo ya megawati 80, kisha Kidatu yenye megawati 204, halafu Rufiji. Mwaka 2006 maji ya Mtera yaliposhuka, nchi nzima iliingia kwenye mgao wa umeme. Nakumbuka mishumaa, nakumbuka saluni za mjini zilizofungwa mchana.

Ruaha Mkuu wenyewe, ukitokea Usangu na Ihefu upande wa Mbarali, ulianza kukatika kiangazi mwaka 1993. Mto ambao haukuwahi kukauka ukawa unabaki madimbwi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na viboko wakibanana humo. Viongozi wa kitaifa walisema, wafugaji wakahamishwa, mipaka ya hifadhi ikapanuliwa mwaka 2008. Yote hayo yalifanyika juu sana, mbali na uwanja wetu wa mpira.

Kwenye uwanja wetu wa mpira hesabu ni nyingine. Wanaolima bondeni wana kura. Wenye milingoti wana kura, au wana ndugu wenye kura. Mama anayefungua bomba asubuhi Iringa mjini hana kura kwenye kata yetu. Fundi anayesubiri umeme urudi hana. Mtoto atakayezaliwa mwaka kesho hana. Mgombea akikitazama kijito kwa macho ya kampeni, anaona ukingo wote umejaa wapiga kura na majini hamna hata mmoja.

Nilipofika hapo katika kufikiri ndipo nikaumia. Mimi nafanya kazi Iringa mjini na nimejiandikisha nyumbani. Napiga kura juu, nakunywa chini. Katika foleni ile nzima ya shule ya msingi, huenda tulikuwa wachache kabisa tuliokuwa na kiu ya chini na kura ya juu kwa wakati mmoja. Kama kuna mtu aliyetumwa na mto siku ile, alikuwa mimi.

Nilimpa yule wa vinyungu kwa sababu mkono wangu ulimwona mama akiwa na debe tupu.

Kiti cha diwani

Kuna rafiki yangu aliyeniambia, kwa upole, kwamba najisumbua. Diwani ana nini cha kufanya na mito? Hiyo ni kazi ya wizara, ya NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji.

Sikubaliani naye. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Anaingia Baraza la Madiwani, linalotunga sheria ndogo na kupitisha bajeti. Kijiji kikitaka mpango wa matumizi bora ya ardhi, useme hili ni la makazi, hili la kilimo, hili la chanzo cha maji lisiguswe, fedha za kupimia zinapitia mezani kwao. Hata kamati za mazingira za vijiji na kata zimo kwenye sheria ile ile ya 2004. Zipo kwenye karatasi kwa miaka zaidi ya ishirini. Muulize jirani yako jina la mjumbe mmoja.

Kwenye halmashauri za wilaya, kamati inayolibeba suala hili inaitwa Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira. Nimeliangalia jina hilo mara nyingi. Mazingira yamekaa mwisho, baada ya pesa na barabara, na nadhani ndivyo yanavyokaa hata kwenye ajenda.

Tena diwani wa huku ana mtihani ambao mwenzake wa pwani hana. Mapato ya ndani ya halmashauri zetu yanategemea sana ushuru wa mazao ya misitu. Lori la mbao linalopita kizuizini ndilo linalomalizia zahanati, na ndilo linalotoa ile asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Diwani anayetaka milingoti iondoke bondeni anagusa kapu wanamokula yeye na kata yake. Ndiyo maana yule mwalimu mstaafu alinyamaza. Siku ile sikuijua hesabu aliyokuwa akiipiga kichwani. Leo najua, na ningempigia makofi peke yangu kama ingebidi.

Alikuwa wa tatu. Aliyeshinda ni yule niliyempa.

Tulipima kwa hatua

Wiki mbili baada ya uchaguzi nilikwenda nyumbani. Nilimwambia mama nataka tushuke bondeni, tupime mita 60. Aliniangalia kama mtu anayesubiri habari mbaya tangu zamani.

"Wamekutuma?"

"Hapana mama. Nataka kujua tu."

Hatukuwa na futi kamba. Hatua yangu ni kama robo tatu ya mita, kwa hiyo hatua 80. Nilianzia penye maji, nikapanda nikihesabu kwa sauti, mama nyuma yangu na jembe begani. Hatua tano za kwanza, matete. Kuanzia hapo kinyungu: maharage yameshatoa maua, kabichi mistari minne, viazi. Hatua ya 36, kinyungu kikaisha. Nikafurahi, kisha nikaona aibu kwa kufurahi, kwa sababu chote kilikuwa ndani.

Nikaendelea. Hatua ya 40, njia ya miguu. Hatua ya 44, milingoti.

Ni milingoti yangu. Niliipanda mwaka 2015 kwa mshahara wangu wa kwanza, miche mia tatu, kwenye kipande nilichopewa na marehemu baba. Hatua ya 80 ilinikuta bado niko katikati yake. Zaidi ya nusu ya shamba langu iko ndani ya mita 60, na safu nyingine inateremka pembeni ya kinyungu mpaka karibu na matete. Miaka yote nimekuwa nikipita hapo na kuiona kama akiba ya uzeeni. Sikuwahi kuiona kama kitu kilichosimama kwenye kijito.

"Hapa palikuwa na nini kabla?" nikauliza, ingawa nilikuwa najua.

"Mivengi. Mitatu. Uliwalipa vijana wakaikata." Mama akashusha jembe. "Ulisema unapanda miti kwa ajili ya mazingira."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayekumbushia tarehe.

Tulikaa pale mpaka jua likaanza kuzama. Nikamweleza kuhusu yule mwalimu mstaafu, kuhusu swali langu, kuhusu kituturi. Nilimwambia nilimpa nani na kwa nini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sikumpa huyo," akasema.

"Mbona ulipiga vigelegele?"

"Vigelegele ni vya mkutano, mwanangu. Mimi kila siku nachota pale. Naona ndoo inavyochelewa kujaa."

Nilishindwa kusema kitu. Nilikuwa nimeiweka kura yangu kwa niaba ya mtu ambaye hakunituma, nikamfanya mama kuwa mdogo kuliko alivyo. Siku zote tisa nilikuwa nimezunguka kuwauliza wagombea, na yeye, anayelima ndani ya mita 60 kwa miaka zaidi ya thelathini, sikuwa nimemuuliza hata mara moja.

Basi nikamuuliza.

Akasema angeweza kurudi nyuma hatua kumi na tano kutoka kwenye maji kama na wenzake wa bondeni watarudi, wote, siku moja, na si mmoja mmoja wa kuonewa. Akasema pampu zisiruhusiwe mwezi wa kumi. Akasema matete yaachwe. Kuhusu milingoti hakusema neno, aliitazama tu.

Visiki

Jumamosi iliyofuata nilikata safu ile inayoteremka kwenye maji, na mstari wa kwanza juu ya njia. Haijafikia nguzo, mnunuzi aliichukua kwa bei ya mirunda, na sitaandika hapa ni kiasi gani nimepoteza kwa sababu bado naumia. Iliyobaki ndani ya hatua 80 ni mingi. Sijaamua. Ningependa kuandika kwamba nimeamua, nimejaribu kuiandika sentensi hiyo mara mbili, nikaifuta.

Diwani nimemwandikia barua, nikapeleka nakala kwa mtendaji wa kata. Sikumlaumu kwa ahadi yake, maana nilikuwa mmoja wa waliomtuma nayo. Nimeomba mambo mawili: kamati ya mazingira ya kata iitishwe, na vyanzo vya maji vya kijiji chetu vipimwe pamoja na kila kilicho ndani ya mita 60, mboga na miti, cha anayeishi hapa na cha asiyeishi. Nimeandika kwamba wapimaji waanzie kwangu. Alinijibu kwa simu, kwa adabu, akasema atalifikisha kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Nimemuuliza tarehe. Nitamuuliza tena.

Mwalimu mstaafu nilimtembelea pia, nikamwambia ukweli wangu wote. Alinikaribisha chai, akaniuliza miche ya mivengi inapatikana wapi. Tumekubaliana kuitafuta pamoja mvua zikikolea.

Jana usiku mama alipiga simu. Mvua ya kwanza imenyesha, na vile visiki vimeshachipua, kila kimoja machipukizi manne au matano. Ameniambia nije na panga Jumamosi, kabla hayajawa na nguvu.